Vidole Vidogo Ndani ya Utumbo wa Mwanao

Mama yeyote aliyewahi kuandaa supu ya utumbo wa mbuzi ana elimu ambayo mwanafunzi wa uuguzi huipata kwa taabu. Ukiupasua utumbo kwa urefu na kuufunua, kwanza unakutana na ute, ule unaoteleza mkononi hata ukimwaga maji ndoo ngapi. Chini ya ute kuna ngozi laini kama mahameli, ambayo ukiipara kwa kisu inatoka kama uji. Ikishatoka unabakiwa na utando mweupe mgumu unaovutika bila kukatika. Ndio huo watengenezaji wa soseji wanaojazia nyama. Kisha inafuata nyama nyembamba yenye nyuzinyuzi. Mwisho kabisa, kwa nje, kuna kijingozi kinachong'aa kama nailoni, na mafuta yameking'ang'ania.

Umehesabu? Ngozi laini, utando mgumu, nyama, na kijingozi cha nje. Ni matabaka manne, na njia ya chakula ya binadamu kwa jumla imejengwa vivyo hivyo. Jikoni tunaishia hapo kwa kuwa jicho haliwezi zaidi. Lakini ile ngozi laini ya ndani, ambayo sisi tunaiparua na kuitupa, ndiyo tunayotaka kuizungumzia mwezi huu, maana ndani yake mna jibu la swali linaloulizwa kila siku ya kliniki, swali ambalo limeshavunja nyumba za watu.

SWALI LA KLINIKI

Swali lenyewe ni hili: "Nesi, mbona mwanangu anakula lakini hakui?"

Hapa Kabungu, sisi tunaosaidia siku za kupima watoto tunalisikia mpaka tumelizoea. Mama anamvua mtoto nguo, anamning'iniza kwenye mizani, mshale unasimama pale pale ulipokuwa mwezi uliopita. Analazwa kwenye ubao wa kupimia urefu: ana miaka miwili, lakini kimo chake ni cha mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Si mgonjwa wa kulazwa. Anacheza, anacheka, anakula ugali wake na kuomba mwingine.

Wala huku kwetu Katavi si nchi ya njaa. Mahindi yapo, mpunga upo, muhogo na karanga vipo, dagaa wanatoka Ziwa Tanganyika, na asali ya misitu yetu inajulikana. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Jirani zetu wa Rukwa, ambao tulikuwa mkoa mmoja nao hadi mwaka 2012 na ambao wanalisha mahindi mikoa mingine, walionekana kuwa na karibu nusu ya watoto wao katika hali hiyo. Kwa hiyo gunia kuwa limejaa ghalani ni jambo moja, na chakula kuingia katika damu ya mtoto ni jambo jingine.

Mtaani, jibu la swali lile liko tayari: mtoto amebemendwa. Yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, au wamekutana mapema mtoto akiwa bado mchanga. Na ingawa husemwa "mmoja wa wazazi", sote tunajua kidole kinamwelekea nani. Wifi ananong'ona, mama mkwe anakunja uso, mume anaanza kulala akiwa amegeukia ukutani. Tumeona mama anayeacha kuja kliniki kabisa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa kila mzani unaposoma kilo zile zile anajiona anasomewa hukumu mbele ya watu. Mtoto ambaye angehitaji kuonwa zaidi ndiye anayefichwa.

Hebu tushuke basi na chakula, tuone kinakopitia, na tuone mahali kinapokwama.

KUTOKA KOONI HADI TUMBONI

Ukichukua kipande cha umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukakikata chembamba kuliko karatasi, ukakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini, utaona seli zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama matofali, zile za juu zikiwa bapa na zikibanduka daima. Ni ukuta uliojengwa kwa ajili ya kukwaruzwa, kwa sababu hapo hupita mfupa wa dagaa na ukoko wa mahindi ya kuchoma. Lakini ukuta huo hauvumilii kuunguzwa kila siku. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, katika orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ugonjwa ambao ukanda wetu wa Afrika Mashariki umeandamwa nao. Akina baba wanaojisifu kunywa chai ikitoka jikoni waambiwe wangoje dakika tano.

Tumboni ukuta hubadilika ghafla. Hapa ndani mmejaa vishimo vinavyoshuka chini, na katika kuta za vishimo hivyo kuna seli zinazotengeneza asidi kali na nyingine zinazotengeneza vitu vya kuyeyusha nyama. Kwa nini basi tumbo lisijiyeyushe lenyewe? Ni kwa sababu ya ute tena. Seli za juu humwaga ute mzito unaolaza blanketi juu ya ukuta mzima. Blanketi hilo likitoboka, kidonda huanza. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, zikimezwa ovyo bila ushauri, hulidhoofisha. Na mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren, daktari anayesoma vipande vya nyama kwa hadubini, pamoja na mwenzake Barry Marshall, walithibitisha kuwa kuna bakteria waliojipinda wanaoishi chini ya blanketi hilo hilo na kusababisha vidonda vya tumbo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa hiyo anayesumbuliwa na vidonda asiambiwe tu kwamba ana mawazo mengi, apimwe.

Lakini huko kote chakula kinapita tu. Mtoto hanenepi kwa chakula kilichoko tumboni. Hunenepa kikifika mbele, katika utumbo mdogo.

VIDOLE VYENYEWE

Ile ngozi kama mahameli uliyoipara jikoni, ikitazamwa kwa hadubini, si ngozi ya kulala. Ni msitu wa vidole vidogo vilivyosimama wima, kila kimoja kikiwa na urefu wa nusu milimita hadi milimita moja. Katika eneo dogo la kichwa cha njiti ya kiberiti husimama makumi ya vidole. Ndani ya kila kidole hupita mishipa myembamba ya damu, na katikati mrija mmoja wa kubebea mafuta. Kidole kizima kimefunikwa kwa tabaka moja tu la seli. Tabaka moja! Umio una matabaka mengi ya kujikinga, lakini hapa ukuta baina ya uchafu wa nje na damu ya mwanao ni seli moja kwa unene. Haungeweza kuwa mnene zaidi, kwa sababu kazi yake ni kupitisha.

Kila seli kati ya hizo ina juu yake vinywele vidogo zaidi, maelfu, vilivyopangwa kama nywele za brashi. Kwenye vinywele hivyo hukaa vimeng'enya vinavyomalizia kuvunja sukari na protini, na milango ya kupitishia chakula kilichovunjwa. Katikati ya seli hizo zipo nyingine zenye umbo la kikombe, zinazomwaga ute. Zamani vitabu vilisema ukiutandaza utumbo mzima wa mtu mzima, pamoja na mikunjo yake yote, ungefunika uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden walipopima upya mwaka 2014 walipata kama mita za mraba 32. Uwanja umepungua, lakini chumba cha mita 4 kwa 8 kilichokunjwa ndani ya tumbo la mtu bado si jambo dogo.

Sasa tazama kinachoendelea chini ya vidole. Baina ya kidole na kidole kuna vishimo, na ndani ya vishimo hivyo huzaliwa seli mpya usiku na mchana. Zikizaliwa, hupanda ubavuni mwa kidole taratibu, zikisukumwa na zinazozaliwa nyuma yake. Zikiwa njiani hukomaa na kuota vile vinywele. Zikifika kileleni zimeshazeeka, hubanduka na kuanguka. Safari yote huchukua siku 3 hadi 5. Zulia ulilokuwa nalo tumboni Jumapili iliyopita siyo ulilo nalo leo.

Tunaomba msomaji akumbuke jambo hilo moja hata akisahau mengine yote, kwa kuwa lina pande mbili. Upande mmoja ni habari njema: utumbo ulioharibika unaweza kujijenga upya upesi kuliko karibu kiungo chochote cha mwili. Upande wa pili ni kwamba ujenzi huo hausimami, na kila siku unadai matofali. Protini, zinki, vitamini A, nguvu. Mtoto asiyepata matofali hajengi misuli tu kwa shida. Hajengi hata ule mkono wa kuupokea mlo wa kesho.

VIDOLE VIKICHAKAA

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Makerere na Hospitali ya Mulago, Kampala, walianza kutazama vidole hivi kwa watu wa Uganda. Siku hizo kipande cha utumbo kilipatikana kwa kummezesha mtu kidude kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye mpira mrefu mwembamba. Kikifika kinapotakiwa, kinakata kipande kama punje ya mchele na kuvutwa nje. Vitabu walivyosomea vilitoka Ulaya, na picha zake zilionyesha vidole virefu, vyembamba, vilivyonyooka. Walichokuta Kampala, kwa watu wasio na malalamiko yoyote ya tumbo, kilikuwa tofauti: vidole vifupi, vipana kama majani, vingine vimeungana na kuwa kama matuta ya viazi, na chini yake seli za ulinzi zimejazana kama askari mahali penye ghasia. Cook, Kajubi na Lee walichapisha maelezo ya kina ya hali hiyo mwaka 1969. Mambo kama hayo yalionekana pia Asia na sehemu nyingine za nchi za joto.

Je, tumezaliwa hivyo? Hapo ndipo penye utamu wa habari. Huko India, mimba zilizotoka zilipochunguzwa, vidole vya utumbo wa vichanga vilikuwa virefu na vyembamba kama vile vya Ulaya. Na vijana wa Kimarekani waliokwenda kujitolea Pakistan, wakala na kunywa kama wenyeji, walipopimwa walikutwa na vidole vifupi. Waliporudi kwao, katika miezi iliyofuata, vidole vilirefuka tena. Kwa hiyo si damu ya ukoo, wala si rangi ya mtu. Ni mahali na maji na mikono na udongo. Ni vijidudu vinavyomezwa kidogo kidogo, kila siku, vikiusumbua ukuta ule wa seli moja mpaka uchakae na kuvuja.

Wala hakuna hadubini yoyote iliyowahi kuonyesha kwamba vidole vya mtoto vinafupishwa na mwenendo wa mama yake. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa tunajua gazeti hili husomwa pia na akina baba, hasa wakati mama akiwa shambani.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi umetoka Haydom, mkoani Manyara, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vilivyofuatilia watoto tangu kuzaliwa, wakipimwa kimo, chakula na choo chao. Lililotushangaza sisi wauguzi tuliposoma matokeo ni kwamba vijidudu vilikutwa kwenye choo cha watoto hata siku ambazo hawakuharisha. Baadhi ya vijidudu, kama shigela, kampilobakta na jiadia, viliambatana na kimo kifupi bila mama kuona dalili yoyote. Mtoto alionekana mzima. Ndiye yule yule anayecheka kwenye mizani yetu.

Basi, si wapewe dawa za kuua vijidudu? Haydom walijaribu. Watoto 1,188 waliingizwa katika jaribio la kutoa viuavijasumu kwa vipindi, na vitamini ya aina ya B3, katika miezi yao 18 ya mwanzo. Majibu yalichapishwa mwaka 2021: vimo havikuongezeka. Tunalitaja hili kwa ajili ya akina mama wanaonunua vidonge dukani na kumpa mtoto "asafishwe tumbo". Tumbo halisafishwi hivyo.

Na huko magharibi ya Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, jaribio kubwa lililohusisha zaidi ya akina mama 8,000 lilitoa matokeo mwaka 2018. Familia nyingine zilipewa dawa ya maji, nyingine choo bora, nyingine vyombo vya kunawia, nyingine lishe ya nyongeza na ushauri. Waliopata lishe, watoto wao walirefuka kidogo. Waliopata maji, choo na sabuni peke yake hawakurefuka zaidi ya wengine. Kwa maoni yetu hii haina maana kwamba choo na sabuni ni bure. Kipindupindu na homa ya matumbo havijaacha kuua. Ina maana kwamba uchafu unaomfikia mtoto anayetambaa ni mwingi kuliko unaozuilika kwa ndoo moja yenye bomba, na kwamba hakuna usafi unaoweza kuchukua nafasi ya yai.

SIKU ANAPOHARISHA

Uchakavu tuliousema ni wa polepole. Kuharisha ni moto wa ghafla. Mwaka 1973 huko Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walitazama kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto walioharisha, wakakuta seli zimejaa virusi vya mviringo kama gurudumu. Ndivyo rotavirusi vilivyojulikana kwa binadamu. Virusi hivi havishambulii popote. Hukimbilia vileleni mwa vidole, zilipo seli zilizokomaa zenye vinywele na milango. Vilele vikiungua, maji na maziwa havina pa kuingilia, vinapita moja kwa moja. Tanzania ilianza kutoa matone ya chanjo yake nchi nzima mwaka 2013, na hutolewa mdomoni mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Tazama kadi ya mwanao.

Mtoto akiharisha, desturi ya wengi ni kumnyima chakula "tumbo lipumzike". Bibi atasema hivyo, na bibi anapaswa kuheshimiwa. Aelezwe kwa upole habari ya vishimo na seli zinazopanda. Utumbo haupumziki. Saa ile ile vilele vinapoungua, chini vishimo vinazaa kwa kasi kuziba pengo. Ukikata chakula, unamnyang'anya fundi matofali nyumba ikiwa imeezuliwa. Isitoshe, vidole hunufaika na chakula kinachopita juu yake. Utumbo ukikaa mtupu, vidole husinyaa.

Maji ndiyo ya kwanza, na hapa kuna muujiza mdogo uliofichwa kwenye pakiti ya ORS. Kati ya milango iliyo kwenye vinywele vya seli, mmoja hufunguka kwa sharti kwamba chumvi na sukari vifike pamoja. Vikiingia pamoja, maji yanavifuata. Robert Crane aliueleza mlango huo katika mkutano huko Prague mwaka 1960. Kipindupindu hufungulia maji ya mwili yamwagike utumboni kama bomba lililovunjika, lakini mlango huu hakiugusi. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India, dripu zilipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari, na vifo katika kambi yake vikashuka sana.

Pakiti moja ya ORS ni kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaani chupa mbili za nusu lita, si zaidi wala si pungufu. Yasiyoisha kwa siku moja yamwagwe. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena. Pakiti ikikosekana na duka likiwa mbali, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitakufikisha kwenye zahanati. Chumvi ikizidi ni hatari. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Omba pia vidonge vya zinki: kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Mama wengi huviacha siku ya tatu kuharisha kunapokoma. Vimaliziwe, kwani ndivyo vinavyowasaidia wale mafundi wa chini kumaliza kazi.

Macho yakididimia, mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje kupambazuke.

Kunyonya kusikatizwe hata saa moja. Ni kweli kwamba kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hukaa kileleni mwa kidole, na kilele kikiungua maziwa ya ng'ombe huweza kumletea mtoto gesi kwa siku chache. (Hata kwa watu wazima wenye afya kimeng'enya hiki hutofautiana: Cook na Kajubi walionyesha huko Uganda mwaka 1966 kwamba wafugaji wanacho kuliko wakulima. Msukuma na Mfipa wakibishana juu ya maziwa, huenda wote wana haki.) Lakini maziwa ya mama yana kinga inayoupaka ukuta ule wa seli moja kama rangi, vijidudu visishike. Ndiyo maana tunashikilia miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake, bila maji ya kutuliza kiu wala uji wa miezi miwili ambao majirani huusifu.

JIKONI NA UANI

Baada ya miezi 6, uji wa mahindi matupu haujengi zulia. Hapa Kabungu vitu tunavyo. Dagaa wakavu watolewe vichwa, wakaangwe kidogo bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha unga wake ndani ya uji au mchuzi wa mtoto hakimsumbui kooni. Karanga zitwangwe vivyo hivyo, lakini zilizoota ukungu zitupwe kabisa, zisipewe hata kuku: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yai la kuku wa nyumbani ni la mtoto kwanza, la sokoni baadaye. Mboga za majani zikatwe ndogo, zitiwe mafuta, maana vitamini A hupitia kwenye ule mrija wa mafuta ulioko katikati ya kidole. Asali yetu nzuri asipewe kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za sumu mbaya kwa mtoto mchanga. Na mwezi Juni na Desemba apelekwe apate matone ya vitamini A na dawa ya minyoo.

Kisha tazama uani. Watafiti waliokaa wakiwatazama watoto vijijini Zimbabwe waliwaona wakila udongo, na hata mavi ya kuku, mama akiwa hatua chache akipepeta. Sisi hatuhitaji kwenda Zimbabwe. Kuku wanalala ndani, asubuhi sakafu inafagiwa juu juu, na mtoto anatambaa hapo hapo na kipande cha muhogo mkononi. Kinyesi cha mtoto mwenyewe hutupwa nyuma ya nyumba kwa imani kwamba "cha mtoto hakina neno". Kinatakiwa chooni kama cha mtu mzima. Mtoto atandikiwe mkeka au turubai lililofuliwa, ambalo kuku hawalikanyagi. Kuku wajengewe banda la miti na matete; kwa baba mwenye panga kali ni kazi ya Jumamosi moja, na akina baba wawili wa mtaa wetu waliokubali kulijenga baada ya mavuno wamelisimamisha upande wa magharibi wa nyumba, mbali na jiko na mbali na pale mtoto anapochezea.